Hesabu Pau, Kisha Kagua Mpangilio: Jinsi ya Kujua Kama Muundo Unatosha na Utasimama

Kabla ya kukokotoa kani hata moja, kila muundo una maswali mawili ya kujibiwa. La kwanza: je, milinganyo ya msawazo (kwamba kani zote zinafutana na hakuna kinachosogea) peke yake inatosha kuzipata kani zake zote? La pili: je, utasimama ukisukumwa? Fomula inayotumika mwanzoni ni ileile, kwa hiyo wengi huyachanganya. Swali la kwanza ni la kuhesabu tu, hata mtoto wa kidato cha pili anaweza. La pili linataka macho.

Mwongozo huu ni kwa mafundi sanifu, wanafunzi na injinia wachanga. Mifano nimeitoa Kigoma kwa sababu ndiko ninakoiona kila siku: vichanja vya dagaa ufukweni, kenchi za nyumba za Mwanga na Gungu, vivuko vya watembea kwa miguu juu ya makorongo, minara ya matangi ya maji. Unahitaji penseli, karatasi na subira. Kompyuta iache kwanza.

Hatua ya 1: Chora mifupa

Ondoa bati, zege, rangi na kila pambo. Kila boriti, nguzo au ubao uwe mstari mmoja. Mahali mistari inapokutana weka nukta. Hicho ni kiungo. Usichore unachotamani kiwepo, chora kilichopo au kitakachojengwa. Mbao mbili zilizoungwa kwa misumari miwili si kitu kimoja na chuma kilichochomelewa pande zote.

Hatua ya 2: Uliza kila egemeo linatoa nini

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, hivyo usikimbie.

Katika mchoro bapa, egemeo la kuteleza linazuia mwendo mmoja tu, kwa hiyo linatoa kani 1 isiyojulikana. Egemeo la bawaba linazuia kwenda juu na chini na kwenda kando, lakini linaruhusu kuzunguka: kani 2. Egemeo lililokazwa linazuia na kuzunguka pia: 3, yaani kani 2 na momenti 1 (nguvu ya kuzungusha).

Vitabuni alama hizi ni safi. Uwanjani hakuna anayekuletea egemeo likiwa na jina. Kenchi iliyofungwa kwenye linta kwa waya wa nondo ni bawaba, hata fundi akiikaza waya mpaka ikatike. Nguzo ya chuma yenye bamba jembamba la chini na boliti mbili katikati ni bawaba pia. Ikiwa na bamba nene, boliti nne zilizo mbali na katikati, na msingi mzito usiogeuka, hapo unaweza kuanza kuizungumzia kama iliyokazwa. Neno muhimu ni msingi: bamba likazwe vipi, kama udongo chini yake unazunguka, huna mkazo wowote.

Ukiwa na shaka kati ya bawaba na mkazo, anza na bawaba. Kama muundo unasimama kwa bawaba, utasimama kwa mkazo. Kinyume chake si kweli. Kumbuka tu kwamba kinga hii ni ya uthabiti. Mkazo ambao hukuuhesabu huleta momenti zake kwenye msingi.

Hatua ya 3: Hesabu ya boriti na fremu

Tuite idadi ya vipande P, kani za maegemeo E, viungo V (miguu ikiwemo), na bawaba za ndani B. Bawaba ya ndani inayounganisha vipande viwili huhesabiwa 1. Inayounganisha vitatu, 2. Kisha linganisha:

3P + E na 3V + B

Upande wa kushoto ukiwa mdogo, muundo ni pungufu na hautasimama. Zikiwa sawa, ni toshelevu, wanaouita darasani ditamineti: kani zote zinapatikana kwa msawazo. Kushoto kukizidi, muundo una ziada, na tofauti hiyo ndiyo kiwango cha ziada.

Chukua kichanja cha kuanikia dagaa, kama vinavyoonekana Kibirizi. Tazama upande mmoja: nguzo mbili na mti mmoja wa juu uliofungwa kwa kamba. P ni 3, V ni 4, na kamba mbili ni bawaba mbili, B ni 2. Fundi amezika miguu futi mbili mchangani na kuushindilia. Kila mguu umekazwa, hivyo E ni 6. Kushoto 9 + 6 = 15, kulia 12 + 2 = 14. Ziada 1. Kinasimama, na wala hakina mshazari hata mmoja.

Sasa kichukue kichanja hichohicho ukakiweke juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa tu ni safi zaidi. Mbao zilezile, kamba zilezile. Lakini miguu sasa imekaa tu juu ya sakafu. Msuguano unaizuia kuteleza, hauizuii kuinama. E imeshuka kuwa 4. Kushoto 13, kulia 14. Pungufu. Ukikigusa kinaenda upande, na fundi atalaumu kamba. Kamba hazina kosa. Zilikuwa bawaba tangu mwanzo. Kilichobadilika ni ardhi.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo yenye hatari zaidi. Ziwa Tanganyika linapopanda, mchanga wa ufukweni unalowa na kulegea kuzunguka miguu. Mguu mmoja ukipoteza mkazo, E ni 5, hesabu inakuwa 14 kwa 14: kichanja bado kimesimama, hakina dalili yoyote. Mguu wa pili ukilegea, kinalala chini. Ziada ilikuwa ikikulinda bila kukuambia, na ilipokwisha haikukuambia pia.

Kwa ghala la chuma, hesabu huenda haraka. Fremu ya nguzo mbili na boriti moja, viungo vya juu vikiwa vimechomelewa: miguu ikikazwa, 9 + 6 dhidi ya 12, ziada 3. Miguu ikiwa bawaba, 9 + 4 dhidi ya 12, ziada 1. Paa likiwa na kipeo na bawaba ikiwekwa hapo, vipande vinakuwa 4 na viungo 5: 12 + 4 dhidi ya 15 + 1. Toshelevu.

Hatua ya 4: Hesabu ya kenchi

Kenchi na miundo mingine ya pembetatu ina fomula nyepesi, kwa kuwa tunachukulia kila kiungo ni bawaba na kila upau unavutwa au kukandamizwa tu:

P + E dhidi ya 2V

Kanuni hii inahusishwa na Mskoti James Clerk Maxwell, aliyeiandika mwaka 1864. Ni yuleyule wa umeme na sumaku.

Kenchi ya kawaida ya nyumba yenye upana wa mita 6: mbao mbili za mteremko, mbao ya chini iliyolala ikiwa na kiungo katikati, na mbao ya wima kutoka hapo hadi kipeo. Pau 5, viungo 4, na E ni 3 tukichukua upande mmoja kama bawaba na mwingine wa kuteleza. 5 + 3 = 8, na 2 × 4 = 8. Toshelevu. Ukiongeza mbao mbili za mshazari kutoka kiungo cha chini cha katikati hadi katikati ya kila mteremko, unapata pau 9 na viungo 6: 9 + 3 = 12. Bado toshelevu.

Mwenye nyumba akisema mbao zimepanda bei, fundi hutoa ile ya wima. Pau 8, 8 + 3 = 11, pungufu. "Mbona imesimama, injinia?" Imesimama kwa sababu mbao za mteremko na ya chini ni ndefu, hazijakatwa kwenye viungo, na zinapinda. Ile mishazari miwili sasa inaisukuma mbao ya chini iende chini, nayo inajibu kwa kupinda kama boriti. Umeigeuza kenchi kuwa kitu kingine ambacho hukukipigia hesabu. Miaka michache baadaye dari inaonyesha tumbo.

Kuna ubanaji mbaya zaidi: kuondoa mbao ya chini yote, mara nyingi kwa ajili ya dari iliyoinuka. Pau 2, viungo 3. Kuta zikiweza kuzuia msukumo wa kando, pande zote mbili ni bawaba, E ni 4, na 2 + 4 = 6. Sawa. Kuta zisipoweza, 2 + 3 = 5, pungufu. Maana yake ni kwamba umeugeuza ukuta kuwa sehemu ya kenchi bila kuuarifu. Kiasi gani? Kwa mzigo w kwa kila mita ya upana, upana L na kimo h, msukumo wa kando ni wL²/8h. Weka kN 1 (kilonyutoni, karibu uzito wa kilo 100) kwa mita, upana mita 6, kimo mita 1.5: 36 ÷ 12 = kN 3. Ni kama kilo 300 zikisukuma kichwa cha ukuta kwenda nje, kwa kila kenchi, mchana na usiku. Tofali za kuchoma bila linta ya kuzunguka nyumba nzima hazikujengwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Hesabu imetimia. Sasa usiiamini

Hesabu ikionyesha pungufu, neno limekwisha: ongeza upau au egemeo. Ikionyesha sawa au ziada, bado hujathibitisha lolote kuhusu kusimama. Kagua mambo matatu.

Kwanza, kani za maegemeo zisiwe sambamba zote. Boriti juu ya maegemeo matatu ya kuteleza ina E = 3, inatimia, na itakimbia upande kwa msukumo wa mkono.

Pili, mistari ya kani zote za maegemeo isikutane kwenye nukta moja, maana hakuna kinachozuia kuzunguka kwenye nukta hiyo. Ni nadra kulikuta kosa hili kamili. Lile la karibu na kamili limejaa mitaani. Kibaraza cha mbele ya duka kimetoka mita 1.5, kina uzito wa kN 2 unaokaa katikati, na kimefungwa ukutani kwa bawaba pamoja na fimbo ya kukishikilia. Momenti kwenye bawaba ni 2 × 0.75 = kN·m 1.5. Fimbo ikipita umbali wa mita 0.75 kutoka bawaba, inabeba kN 2. Mwenye duka akitaka fimbo isionekane na ikalazwa mpaka mstari wake upite mita 0.15 tu kutoka bawaba, inabeba kN 10. Hesabu ya idadi haikubadilika hata kidogo. Kila unaposogea kwenye hali mbaya, kani hupanda mpaka boliti ing'oke.

Tatu, pau zigawanywe panapohitajika. Kivuko juu ya korongo, urefu mita 6, kimegawanywa vyumba vitatu vya mraba vya mita 2. Viungo 8, hivyo tunataka 16, na ukitoa E ya 3 zinabaki pau 13. Za juu na chini ni 6, za wima 4, mishazari 3. Mshazari mmoja kila chumba, mambo safi. Sasa mchomeleaji akiweka miwili iliyopishana kwenye chumba cha kwanza, mmoja cha tatu, na cha katikati akakiacha wazi ili pawe na nafasi ya kupita, bado ni 13. Fomula inakupongeza. Chumba cha katikati hakina cha kukizuia kulala kuwa msambamba.

Lililo baya zaidi ni jaribio. Ukipakia mifuko ya mchanga sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, chumba cha katikati hakipati kani ya kukata (inayosukuma upande mmoja juu na mwingine chini) kabisa, kwa sababu mzigo ni linganifu. Kivuko kitapita mtihani. Siku bodaboda yenye magunia ya mihogo itakaposimama upande mmoja, ndipo chumba kile kitakapoitwa kazini kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukijaribu kivuko, pakia nusu.

Njia ya uhakika ya kulikamata kosa hili mezani, pale hesabu ilipotimia bila ziada, ni jaribio la mzigo sifuri. Ondoa mizigo yote. Muundo thabiti wa namna hiyo una jibu moja tu: kani zote ni sifuri. Ukiweza kupata kani zisizo sifuri zinazosawazishana zenyewe kwa zenyewe, mpangilio ni mbovu. Kwenye kile chumba chenye mishazari miwili, ipe kila mshazari mvuto wa 1.41 na kila upande wa mraba mkandamizo wa 1. Nenda kwenye kona yoyote: mshazari unavuta 1 kwa mlalo na 1 kwa wima, na pande mbili zinarudisha 1 na 1. Zimesawazika bila mzigo wowote. Upau wa ziada uliojificha hapa ndio unaokosekana kule katikati.

Hatua ya 6: Kama kuna ziada, jua umenunua nini

Ziada si sifa wala kosa. Ina faida moja kubwa: upau mmoja ukivunjika, kani zinaweza kupata njia nyingine. Tarehe 15 Desemba 1967 Silver Bridge, daraja la mto Ohio huko Marekani, lilianguka na kuua watu 46 baada ya kipande kimoja cha mnyororo wake wa kuning'inizia kuvunjika. Kila pingu ya mnyororo ilikuwa na vipande viwili tu, na kilichobaki hakikuweza kazi.

Hasara yake ni kwamba muundo wenye ziada huumia kwa mambo ambayo si mzigo. Chuma kinatanuka takribani 0.000012 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Boriti ya mita 20 kwa mabadiliko ya nyuzi 20 inarefuka milimita 4.8. Iachie ncha moja iteleze, hakuna kitu. Ifunge ncha zote, unapata mkandamizo wa ndani wa MPa 48 (nyutoni 48 kwa kila milimita ya mraba) bila gari hata moja kupita.

Kuzama kwa msingi ni kubaya zaidi, hasa kwenye bonde la Luiche au tope la Malagarasi. Boriti ya zege ya milimita 250 kwa 450, vyumba viwili (nafasi kati ya maegemeo) vya mita 5 kila kimoja, egemeo la katikati. Mzigo wa kN 15 kwa mita unaleta momenti ya wL²/8 juu ya egemeo hilo, yaani karibu kN·m 47, ikivuta upande wa juu. Ndiyo maana nondo nene huwekwa juu pale. Egemeo hilo likizama kwa δ, huleta momenti ya kinyume ya 3EIδ/L² (hapa E ni ugumu wa zege, si kani za maegemeo, na I ni kipimo cha umbo la mkato wa boriti). Kwa zege la GPa 25 lisilopasuka na kuzama milimita 10 tu, ni takribani kN·m 57. Kwa vitendo zege hupasuka na kulegea polepole, kwa hiyo ichukue labda nusu. Lakini hata nusu imekula zaidi ya nusu ya ile 47, na imeusogeza mzigo kwenda katikati ya vyumba, kwenye nondo za chini ambazo huenda hukuziongeza.

Mjerumani Heinrich Gerber alipata hataza mwaka 1866 kwa dawa ya jambo hili: weka bawaba ndani ya boriti ndefu. Maegemeo matatu, bawaba moja na mawili ya kuteleza, yana E = 4; ongeza bawaba moja ndani ya chumba kimoja, P inakuwa 3 na V 4: 9 + 4 dhidi ya 12 + 1. Toshelevu. Egemeo likizama, boriti inainama kwenye bawaba na momenti haibadiliki. Mimi, kwenye udongo nisiouamini, huchagua hivi kuliko kuongeza nondo. Ila bawaba ni mahali pa kukaguliwa kila mwaka, na kwa daraja la kijijini lisilo na mkaguzi ningefikiria mara mbili.

Hatua ya 7: Toka kwenye karatasi bapa

Kila kenchi inaweza kuwa timamu peke yake, na zote kumi zikalala upande mmoja kabla papi hazijapigwa. Mchoro bapa hauoni upande huo. Weka mishazari ya muda siku ileile mnaposimamisha kenchi, si kesho yake.

Kwa miundo ya pande tatu fomula ni P + E dhidi ya 3V, na bawaba ya chini inatoa kani 3. Mnara wa tangi la lita 5,000, miguu minne, mita 2 kwa 2, kimo mita 2: viungo 8, tunataka 24. Maegemeo yanatoa 12. Miguu 4, boriti za juu 4, na mshazari mmoja kila upande, 4. Jumla 24, na unasimama.

Toa mshazari wa upande mmoja: 23, pungufu, upande huo unaenda. Weka badala yake mshazari mmoja wa mlalo kwenye fremu ya juu: 24, unasimama tena. Lakini ukiweka mishazari miwili upande wa mbele, wa nyuma ukaachwa wazi, bila ule wa juu, ni 24 na hausimami. Mtego ni uleule wa kivuko.

Na huo mshazari unaobaniwa bei unabeba nini? Maji ni tani 5, kN 49. Chukua msukumo wa kando wa sehemu moja ya kumi, karibu kN 5. Sisi tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la Desemba 2005 ziwani humu lilikuwa la ukubwa wa 6.8. Pande mbili zinagawana, 2.5 kila moja, na kwa pembe ya nyuzi 45 mshazari unapata kN 3.5. Chuma cha pembe kidogo kabisa kinatosha, ilimradi ncha zake zimefungwa vizuri.

Baada ya hapo ndipo fungua kompyuta. Programu ikilalamika kwamba matriki (jedwali la milinganyo yake) haina kinyume, au ikakupa kiungo kilichohama mita 40, usiongeze springi ndogo ili inyamaze. Tazama mchoro wa umbo lililohama: unaonyesha hasa kipande gani kinaruka, na mara nyingi ni kile ulichokiachia bawaba ncha zote mbili. Kisha, kwenye karatasi itakayokwenda kwa fundi, andika kando ya kila egemeo ulichukulia nini, bawaba au mkazo, na kina cha kuzika, ili akibadilisha sakafu au udongo ajue anabadilisha hesabu.